Koti la Baba Mkwe

Jumatatu, 1 Machi 1993
Viriba vya miche tangu asubuhi. Udongo, mchanga, samadi, koroga, jaza. Kucha zangu hazitatakata tena. Mikangazi imeota vizuri, misaji nusu imeoza kwa mvua. Mchana Bwana Miti, ndivyo tunavyomwita ofisa misitu, kaja kitaluni. Jina langu limepita. Mtihani wa kuingia idara ya misitu ni Jumamosi tarehe 27, Kyela mjini. Nafasi chache, watu kibao toka mkoa mzima. Mwisho wa umri ni miaka ishirini na mitano, na mimi natimiza Julai. Kwa hiyo ni mwaka huu au basi.

Nimerudi nyumbani naimba. Mume wangu, Gwakisa, akauliza naimba nini. Nikamwambia. Akanizaba kofi bila hata kuinuka kwenye kigoda. Kisha akaomba maji ya kunywa. Nikampa. Nimejichukia kwa kumpa.

Ijumaa, 5 Machi
Mume wangu anapasua mbao. Siku hizi kila kitu ruksa, malori ya wafanyabiashara yanaingia mpaka huku Ndandalo kutafuta mvule. Mivule ya mashambani imekwisha, sasa wanaingia msitu wa hifadhi. Kibali hawana, wala hawakitafuti. Leo Bwana Miti kawafuata na mgambo. Marungu, mawe, mapanga. Mbao zimekamatwa, wapasuaji wamekimbia. Mgambo mmoja kang'olewa meno ya mbele.

Bwana Miti kaletwa kitaluni kwa baiskeli, kichwa kimepasuka, sikio limejaa damu. Nimemwosha mimi. Nilidhani nitazirai. Wapi. Akaniuliza kama bado naitaka kazi hii. Nikasema naitaka. Akacheka mpaka kidonda kikafunguka, ikabidi nianze upya.

Jumapili, 7 Machi
Wamekuja baada ya ibada, wapasuaji wote, wamesimama uani kama wadai. Wanasema mimi ndiye niliyemwambia Bwana Miti shimo la kupasulia liko wapi. Sikumwambia. Moshi wa mapishi yao unaonekana mpaka barabarani, nani asijue? Lakini Gwakisa alitaka kuwaonyesha kuwa kwake anatawala. Kanipiga mbele yao. Ngumi, halafu teke, halafu kipande cha mti. Mama mkwe kamvuta shati mpaka likachanika. Wenzake waliangalia kwanza, baadaye wakaona haya, wakaondoka mmoja mmoja.

Baba mkwe alikuwa nyuma ya ua wa mianzi muda wote. Nilimsikia anakohoa. Hakuweza kuingia kwa sababu mimi nilikuwepo. Kwetu mke hamtazami baba wa mumewe, hamsemeshi, hapiti njia moja naye. Mzee akija anakohoa, mimi naacha njia, naingia migombani, najifunika kitenge, nampa mgongo mpaka apite. Tangu niolewe nimefanya hivyo bila kukosea. Uso wake siujui. Najua koti lake la kaki, analolivaa mvua na jua, na fimbo yake, na kikohozi chake.

Mila gani hii, inamkataza mzee kuniona uso, haimkatazi mwanawe kunipiga huo huo uso? Leo nilitaka aingie. Potelea mbali mila. Hakuingia. Nina hasira naye kuliko na Gwakisa.

Jumatano, 10 Machi
Gwakisa kachoma daftari zangu za masomo kwenye jiko la kupikia kande. Nilimkuta anachochea. Nikachukua mchi wa kinu, nikamtandika begani. Akaanguka. Nikamtandika tena, pajani. Akalia, kweli kabisa, kwa sauti ya mtoto. Sikujua kuwa nina nguvu hizo.

Baadaye kanirudishia, na zaidi. Jicho la kushoto limefunga. Lakini mchi ule sijutii. Nimelala na maumivu na raha vyote pamoja.

Alhamisi, 11 Machi
Daftari zimeungua, kichwa hakijaungua. Nimejaza viriba huku najisomea. Kipenyo, urefu, ujazo wa gogo. Magonjwa ya miche. Njia za kuzuia moto. Wanawake wenzangu wa kitaluni wakaniuliza nasali nini. Nikawaambia nasali moto. Wamecheka sana.

Jumanne, 16 Machi
Gwakisa kawa mpole. Kaleta mbasa mkubwa kutoka Itungi, kampara samaki mwenyewe. Kasema tuache ya nyuma. Kauliza mtihani ni saa ngapi, nitapita njia gani, kitaluni natoka saa ngapi siku hizi. Nikajibu kila kitu. Samaki alikuwa mtamu.

Mjinga mimi.

Jumapili, 21 Machi
Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zinaanguka anguka. Wa kulia umefungwa hogo, plasta ngumu, tangu vidoleni mpaka kiwikoni. Nimeruhusiwa kutoka hospitali leo.

Ilikuwa Alhamisi, natoka kitaluni, jua bado liko juu. Njiani nikasikia kikohozi. Nikaona koti la kaki linakuja kwenye kona, na fimbo, na kofia imeshushwa. Nikafanya kama nilivyofunzwa. Nikaacha njia, nikaingia migombani, nikachuchumaa, nikajifunika kitenge, nikageuza mgongo. Nikasubiri apite. Nyayo hazikupita. Zikaja kwangu.

Hata hapo sikugeuka. Niliona aibu kwa niaba ya mzee. Nikadhani kapotea njia, au macho yamemwisha. Nikainamisha kichwa zaidi. Ndipo fimbo ikashuka. Ya kwanza mgongoni. Ya pili nikaikinga, mkono ukalia kama muwa. Kitenge kikaanguka. Ndani ya koti la baba mkwe alikuwemo Gwakisa.

Alinipiga mkono ule ule mpaka akahakikisha umevunjika. Kisha akavua koti, akanirushia, akaenda zake.

Adabu yangu ndiyo aliyoiwekea mtego. Angekuja kwa uso wake ningekimbia, na mbio namshinda. Hilo ndilo linaniuma kuliko mfupa.

Jumatano, 24 Machi
Mama mkwe kanisimulia leo, ananilisha ndizi kwa mkono wake huku analia. Mzee alianika koti uani siku ile. Alipolikosa alidhani limeibiwa. Walioniokota wakamletea likiwa na damu yangu. Akakaa nalo mapajani tangu asubuhi mpaka mchana, hali chakula. Kisha akalitia moto, akaenda msituni bila fimbo.

Kamkuta Gwakisa shimoni, anavuta msumeno upande wa chini, mwenzake juu ya gogo. Mzee kamtoa kwa kumshika shingo. Kampiga makofi mbele ya wenzake wote. Na Gwakisa, Mungu amlaani, karudisha. Kampiga baba yake ngumi ya mdomo, mzee akaanguka shimoni juu ya unga wa mbao.

Hapo wenzake ndio walipomgeuka. Kupiga mke walistahimili. Kupiga baba, hapana. Wamemchapa kwa mbao alizozipasua mwenyewe. Kakimbia anatambaa. Hakuna anayejua alipo.

Nimesikia yote haya na sikumwonea huruma. Nilijitafutia huruma ndani yangu, nikakuta hakuna.

Ijumaa, 26 Machi
Gwakisa kaleta ujumbe kupitia kwa muuza dagaa wa usipa: kesho nisipite barabarani ikiwa naipenda roho yangu. Bwana Miti kasema angekuja yeye, lakini kaitwa Mbeya. Mwenyekiti wa kijiji kasema mambo ya mume na mke yeye hayaingilii. Huyo nyumba yake nzima ni mbao za Gwakisa.

Ndugu zangu wa Mwaya wametuma neno: acha mtihani, njoo upumzike. Kupumzika nini? Julai inakuja. Nikiacha, nitajaza viriba vya wenzangu mpaka nizeeke. Naogopa. Nitakwenda.

Alasiri kikohozi nyuma ya ua. Nikaruka, nikashika mchi kwa mkono wa kushoto. Nimefikia huko, kwa kikohozi tu. Kisha sauti. Haijawahi kusema nami tangu niolewe.

"Mwanangu, kesho nitatangulia mimi. Wewe fuata nyuma, usinitazame. Na koti sina tena, kwa hiyo ukiona mwenye koti, kimbia."

Nikagonga mchi chini, mara moja, asikie kuwa nimesikia.

Jumamosi, 27 Machi
Jioni. Niko kwa mwanamke mwenzangu wa kitaluni, mjini. Mkono unawaka. Niandike kabla sijalala.

Tulitoka mvua ikinyesha. Mzee mbele, shati limegandana na mgongo, panga mkononi. Mimi nyuma, kitenge kichwani, naangalia visigino vyake tu. Watu wa njiani walikuwa wanasimama, hawaamini. Mkwe na mkamwana njia moja! Mzee hakusalimiana na mtu.

Kabla ya daraja Gwakisa akatoka kwenye mikakao, uso umevimba, panga mkononi. Mzee hakupunguza mwendo. Akatupa panga lake majanini, nikasikia likianguka. Akasema, "Nipige mimi. Mwenye koti ni mimi."

Nilidhani Gwakisa atalia. Akapiga. Panga likashukia sikioni, likateremka begani. Mzee hakuanguka. Akamkumbatia mwanawe, mikono na panga vyote pamoja, akakaza, damu inawamwagikia wote wawili. Gwakisa anamng'ata, mzee haachii. Nikatupa kitenge. Nikainua hogo, nikampiga nalo Gwakisa puani kwa nguvu zangu zote. Pua ikavunjika, niliisikia. Hogo likapasuka. Nikampiga tena. Nikampiga mpaka vijana wa baiskeli waliokuwa wanapeleka mchele sokoni wakanishika kiuno. Gwakisa wakamfunga kwa mipira ya baiskeli zao.

Mzee alikaa chini. Nikamfunga bega kwa kitenge changu, kichwa wazi, na hapo ndipo nilipomwona. Ana uso mwembamba. Ana mwanya. Yeye alifumba macho, akayaziba tena kwa mkono wenye damu, asinione. Hata hapo!

"Saa zinakwenda," akasema. "Nenda."

Nikaenda. Nimemwacha barabarani na damu yake, nikaenda kufanya mtihani. Waniseme watakavyo. Vijana walimpakia kwenye baiskeli kwenda hospitali.

Msimamizi alinitazama kichwani mpaka miguuni, gauni limeloa damu ya watu watatu, hogo limepasuka. Akauliza nitaweza. Nikamwambia anipe karatasi. Nimeandika kwa kushoto, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Gogo nimelipigia hesabu. Moto nimeuzima. Swali la mwisho lilitaka nieleze namna ya kushirikiana na wananchi wanaozunguka msitu katika kuulinda. Nikaangalia gauni langu. Nilicheka peke yangu darasani, wenzangu wakageuka.

Nimelijibu. Nilikuwa na ya kusema.

Jumapili, 4 Aprili
Gwakisa yuko rumande. Baba mkwe atapona, ila sikio la kushoto halipo. Mama mkwe anasema wazee wamekaa kikao. Nimemwona mzee uso, lazima kuku achinjwe, tusafishwe. Nimetoa kuku wangu mwenyewe, jogoo yule mwekundu mgomvi. Alinipiga kucha mpaka dakika ya mwisho.

Alhamisi, 15 Aprili
Mfupa unaunga vibaya. Daktari kasema utabaki umepinda. Nimemwambia mti uliopinda nao unapandwa. Kwa kweli nililia nilipofika nje.

Ijumaa, 14 Mei
Hakuna majibu. Viriba. Kesi ya Gwakisa imeahirishwa. Jana nimeota nampiga tena, nimeamka nimekunja ngumi. Nachoka kuwa na hasira lakini haijaisha.

Jumatatu, 7 Juni
Majina yamebandikwa wilayani. Langu lipo. Naondoka mwezi ujao kwenda chuo cha misitu, huko kaskazini. Bwana Miti kanishika mkono ule uliopinda, akausikia, akauachia taratibu. Nilisoma jina langu mpaka mlinzi akaniomba nisogee, na wengine wasome.

Nilirudi kwa miguu. Mvua zimekwisha, njia imekauka, watu wanaanika kakao kwenye mikeka. Karibu na nyumbani nikasikia kikohozi. Miguu ikaacha njia yenyewe. Kitenge nimeshakishika, nimeshageuza mgongo.

"Rudi njiani," sauti ikasema.

Nikasimama.

"Habari imefika kabla yako. Mkwe anajificha. Bwana Miti hajifichi. Bwana Miti apite."

Nikasikia majani ya migomba yanasukumwa. Nilipogeuka, yeye ndiye aliyekuwa migombani. Kaniachia njia. Amenipa mgongo, shati lake la siku ile, limefuliwa, begani limeshonwa.

"Ndaga fijo, baba," nikamshukuru kwa lugha yetu.

Nikapita katikati ya njia mpaka nyumbani. Nikabandika maji ya kupikia ndizi.