Nyasi Zako za Mbele ya Nyumba

Mke wangu, Mama Rehema,

Mji wote huu wa Garland hakuna mwanamume mwenye bahati kama yangu. Zile nyasi zako zimenipita kichwa! Watu wanasimamisha magari kuzitazama, nami natoka na kikombe cha chai, nasimama pembeni kama waziri aliyekuja kuzindua mradi.

Unacheka. Najua, kwa sababu siku ulipoleta ile miche mimi ndiye niliyecheka. Nikakuuliza, "Mama Rehema, tumepanda ndege mbili kuja Marekani kufuga pori?" Mimi, niliyelala Dubai na Guangzhou, niliyeishia darasa la saba lakini uwanja wa ndege nikiingia natembea kama wa kwangu! Kwetu Tabora uwanja wa mbele unafagiliwa mpaka unang'aa. Nyasi zikifunika viatu, watu wanauliza kama mwenye nyumba anaumwa. Wewe ukazipanda palepale, pasipo na kivuli hata cha waya wa umeme, kwenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa joto. Ukasema hizi ndizo wenyeji wa Texas, zilikuwepo kabla ya barabara, na jua ndilo chakula chao.

Mdogo wangu alipokuja kutoka Houston akakutania, "Shemeji, panga limeisha makali?"

"Panga lipo, shemeji. Thubutu."

Kiangazi kilipokwisha zikageuka rangi ya shaba, kila bua limechanua vidole vitatu juu kama mguu wa batamzinga. Ukitoka zamu ulikuwa unavua viatu vya kazi, tunakaa kibarazani, upepo unapita humo zinachakacha, tunazisikiliza.

Ulipoondoka nikaapa hazitafia mikononi mwangu. Nikazihudumia kama mahindi: samadi kwa ndoo, maji kila jioni. Zikarefuka haraka, kisha zikalala chini kama walevi wa mwisho wa mwezi. Nikaona zina njaa, nikaongeza. Rehema akatoka mbio, "Dad, stop! Unaziua. Mama alisema hazitaki mbolea."

"Mimi nimelima kabla hujazaliwa."

Mwanao akageuka, akaingia ndani. Mashina yakaoza. Nilipoyashika, yakatoka yenyewe mkononi, mepesi.

Nilikaa chini pale pale kwenye tope, nikakumbuka hospitali. Nilikuwa nimekuletea uji wa ulezi, nakulisha kijiko baada ya kijiko, nakubembeleza, nakulazimisha, mpaka ukanishika mkono. "Baba Rehema, inatosha. Kaa tu hapa." Kukaa tu! Kazi hiyo hakuna aliyewahi kunifundisha. Mwanamume aliyelelewa kwetu, mgonjwa wake akishindwa kula, anatafuta kijiko kikubwa zaidi.

Nikamwita Rehema. Tukapukuta mbegu kwenye mabua yaliyolala, tukazitawanya kwenye udongo mtupu, samadi iliyobaki nikampa jirani. Zilipochipua nilizinyunyizia kidogo mpaka zikashika, basi, nikauweka mpira wa maji garini nisiuone. Siku hizi nikitoka kazini kule ghalani nakaa kibarazani, mikono mapajani. Jua linazichoma, roho inaniuma, sinyanyuki. Sijui kama zitafika mbali. Zikifa na hizi, hakuna mbegu nyingine iliyotoka kwenye mikono yako.

Rehema huja kukaa nami, siku hizi bila simu. Juzi akasema, "You're doing good, Baba." Nikamtuma maji ya kunywa, ili asinione uso.

Lala pema, mke wangu. Mimi nimekaa hapa, kama ulivyosema. Na ile habari ya nyasi kunipita kichwa na magari kusimama ni uongo mtupu. Zinanifika gotini.

Mumeo,
Baba Rehema