Kadi ya Boti ya Baba

Swanton, Vermont
Jumapili jioni

Kwa mdogo wangu Armand,

Salamu nyingi. Habari za Rutland, na habari za Noella na watoto? Nataraji hamjambo nyote na mguu wa Noella umepona. Huku tu wazima wa mwili. Matufaha yameanza kuiva, jirani amemaliza kupaka rangi ghala lake, na Baba anakula vizuri. Salamu zimeisha. Sasa kaa chini, maana nina hasira nawe tangu mwezi wa nane na leo nitazitoa zote.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu unajua kunichekesha. Nikianza kukugombeza unaigiza sauti ya yule padri wa zamani, nacheka, na mambo yanaishia hapo. Karatasi huwezi kuichekesha.

Nianze na kadi yenyewe. Unakumbuka Baba alipokwenda kituo cha zimamoto kusoma kozi ya usalama wa boti apate kadi ya kuendeshea, pamoja na watoto wa shule, magoti yake hayaingii chini ya meza? Uliyemcheka kuliko sote ni wewe. Ulimwambia mzee wa umri wake hadaiwi kadi hapa Vermont, tarehe yake ya kuzaliwa ndiyo kadi. Naye alikujibu, mbele ya sahani ya maharage, kwamba hilo ni kweli mpaka katikati ya ziwa tu, New York inapoanzia. "Kule New York hawaniulizi nimezaliwa lini, wananiuliza kadi iko wapi. Kadi inavuka, umri hauvuki." Ukasema basi asivuke. Ulisema hivyo, Armand, na mkate mdomoni.

Umesahau kwa nini anavuka? Naona aibu kumkumbusha mtu habari za mama yake mzazi. Mama alizaliwa ng'ambo ile ya ziwa, na alipokuwa anaumwa alimwambia Baba kwamba amelala Vermont miaka ya kutosha, sasa arudishwe kwao. Tukayamwaga majivu yake majini, mbele ya nyumba aliyokulia. Tangu hapo, kila mwaka siku ya kumbukumbu ya ndoa yao Baba anavuka ziwa na chupa ya kahawa na donati mbili za tufaha. Anazima injini, anakula moja, nyingine anaiacha majini. Hana kitu kingine anachokisubiri mwaka mzima.

Mwaka huu nilikwenda naye. Alivaa shati jeupe. Tulikuwa tumeshaliona paa la nyumba ya kina Mama boti ya doria ya New York ilipotusogelea. Askari wao alikuwa dada mmoja mwenye adabu zake. Alitazama majaketi ya kuokolea, akaomba filimbi, kisha akaomba kadi. Baba akachukua lile kopo la biskuti linalokaa chini ya usukani, akalifungua kwa maringo kabisa. Akatoa filimbi, tochi na betri kuukuu. Akalitikisa kopo. Akaingiza mkono tena, kama vile kadi ingekuwa imejificha.

Yule dada akauliza jina, akaongea kwa redio, na uso wake ukabadilika. Akasema kadi ya Armand Thibault, jina lenu wewe na Baba, wanayo wao. Mwezi wa saba walimsimamisha mwanamume kwenye boti hii hii, iliyoandikwa "Ginette" ubavuni, mwenye ndevu nyekundu na kofia ya hoki, aliyeitoa kadi hiyo akadai ni yake. Walipomuuliza mbona mwaka wa kuzaliwa ni wa mtu aliyepita miaka sabini, alicheka akasema, "Wamekosea kuchapa, mkubwa. Au mimi nimezeeka ndani kwa ndani." Wakaizuia kadi, wakamwambia mwenye kadi aifuate mwenyewe, na rafiki aliyekuwa naye, mwenye kadi halali, ndiye aliyeirudisha boti.

Ndevu nyekundu katika ukoo wetu anazo mtu mmoja.

Askari akamuuliza Baba kama anamjua mtu huyo. Nilifungua mdomo nikutaje, Baba akanibana mkono mpaka nikaumia. Akamwambia, "Mimi mzee, binti yangu. Vitu vinanipotea. Mtu yeyote angeweza kuiokota." Baba! Mtu ambaye hajawahi kupoteza hata skrubu! Yule dada hakumwamini. Kwa kuwa hakutaja mtu, alionekana ameiazimisha kadi mwenyewe, na bila kadi mkononi hakuruhusiwa kushika usukani tena. Mimi sikuwa na kadi. Wakatufunga kamba, wakatuvuta kuturudisha kwetu, na watu gatini wakaacha kula wakatutazama. Baba alikaa na mfuko wa donati mapajani. Nyumbani akaziweka kwenye friza. Kesho yake akaivuta boti kwa tela mpaka kando ya barabara, akaibandika tangazo: INAUZWA.

Jioni ileile ya kuvutwa nilikupigia nikakuuliza tu kama umeiona kadi ya Baba. Nilikupa nafasi, Armand. Nilikaa na simu sikioni nikikuombea useme. Ukajibu, "Aa, mzee huyo, dada, angalia kwenye friji." Na ukacheka. Nilitaka kuendesha gari mpaka Rutland nikuzabe kofi mbele ya wanao.

Sasa nikwambie usilolijua. Siku zile nilipokuwa nasema nakwenda mazoezi ya kwaya, nilikuwa kituo cha zimamoto nikisoma kozi, kwenye kiti kilekile cha Baba. Kadi yangu ilifika juzi. Leo asubuhi nilimwekea mezani karibu na kahawa. Akaisoma mbele na nyuma, akaniuliza boti mbili zikikutana njia panda ipi inapisha. Nikamjibu. Akatoka nje, akalibandua tangazo.

Tukavuka. Yule dada alikuwepo, akaiangalia kadi ya Vermont, akanirudishia, akasema safari njema. Nilizima injini mbele ya nyumba ya Mama. Baba akala donati yake ngumu ya friza, ya pili akaiweka majini polepole. Hapo nikamwambia kwa nini nina hasira: kwamba wewe ulichukua, na yeye akabeba. Nilidhani atakutetea. Akasema, "Jina nilimpa mimi, siku aliyozaliwa. Kadi hakuniomba." Basi. Akafuta makombo kwenye shati.

Alijua tangu askari alipotaja ndevu, Armand. Simu ikilia anainua kichwa akidhani ni wewe unataka kumwambia. Akiona siyo wewe, anarudi kwenye gazeti.

Kadi yake bado iko ng'ambo. Nimemwambia nimpeleke akaichukue, amekataa. Anasema aliyeipeleka ndiye atakayeirudisha. Kwa hiyo utakwenda New York, kwa gari, na utawaambia wewe ni nani, jina zima, pamoja na lile neno Mdogo linalokutofautisha na Baba, ambalo mwezi wa saba ulilimeza. Kisha utamletea Baba kadi yake mkononi. Mimi sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe. Yeye anaweka sahani yako kila Jumapili.

Msalimie Noella, wabusu watoto. Jirani anakusalimu, hajui kitu.

Ni mimi dada yako, mwenye kadi yangu mwenyewe,
Claudette