Mama Yangu Amelazwa Chumba Kingine

Jumatatu, 5 Agosti 1968
Uji wa wodi tena. Hauna ukali, hauna moshi. Mama alichachusha wake kwa kibuyu. Kila mtoto alikuwa na kikombe chake cha bati ukutani, kwa msumari. Hakutuhesabu hata siku moja. Watoto hawahesabiwi, ni kuita msiba. Kikombe kikibaki ukutani jioni, alijua kuna mmoja hajarudi.
Leo Sista wa kutoka ng'ambo ameniuliza niko na watoto wangapi. Nikavuta blanketi. Akauliza tena, pole pole, kama anaongea na kiziwi. Nikaangalia dirisha. Ameandika kitu kwa kadi ya kitanda.

Jumanne, 6
Sista ameleta mtoto anyonye. Akauliza, "Huyu ni nani?" Nikafurahi. Hilo naweza kujibu.
"Ni mama yangu."
Ni msichana wangu wa pili, amechukua jina la mama, Wambui. Nani hajui hivyo? Sista alimchukua kabla hajashiba.
Jirani wa kitanda anajua Kizungu, amenisomea kadi: Amechanganyikiwa. Hajui watoto wake.
"Kwani umekuwa wazimu, Mama Kamau?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 7
Kesho watanipeleka Nairobi kwa daktari wa akili. Mtoto atabaki. Maziwa yamejaa, yanauma. Naogopa. Nikilia wataandika. Nisipolia pia wataandika.
Wale wengine niliwazaa kwa mama, huko Karatina. Moshi wa kuni machoni, supu ya mbuzi, mkono wake mgongoni. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Alhamisi, 8
Nesi Muthoni ametoka likizo. Ni mtu wa kwetu, wa Endarasha. Alisoma kadi akashika kiuno.
"Sista, usimuulize ni wangapi. Muulize nani anamngoja nyumbani."
Sista akauliza. Nikataja bila kusita. Kamau, huyo ni baba ya mume wangu. Wanjiru, mama ya mume wangu. Njoroge, baba yangu. Muthoni akamweleza vile tunarithisha watoto majina ya babu na nyanya zao. Sista akakaa kitandani kwangu, uso mwekundu. Akakata maneno ya kadi kwa kalamu, na safari ya Nairobi ikaisha.
"Basi mama yako yuko na njaa," akasema. Akaenda kumleta.
Nimelia sana. Hakuandika.

Jumapili, 11
Nyumbani, Naro Moru. Mlima umetoka mawinguni. Uji wangu umechacha vizuri. Nimewaita watoto wachukue vikombe vyao, nikarudi kumnyonyesha Wambui. Anavuta kama mtu aliye na safari.
Nimeangalia ukutani. Misumari mitupu.