Jogoo wa Gredi ya Tisa

Kulesa, Garsen

Dada yangu mpendwa Sidi,

Kwa majonzi na heshima zote nakutangazia kifo cha jogoo wetu mwekundu. Sisi wengine tu wazima. Natumai nanyi huko Malindi hamjambo, na goti la shemeji limepoa.

Jogoo amekufa kwa ajili ya elimu. Jirani yangu Bahiya unamjua. Mto ukifurika, shamba langu hubebwa kwenda baharini. Lake huachiwa tope jema. Mwanawe Rayyan yuko darasa moja na Mitchelle wangu, na mwaka mzima Bahiya amekuwa akiniuliza, kwa huruma, kama binti yangu hajapata mchumba. Nilimeza kama kidonge bila maji.

Basi matokeo ya gredi ya tisa yakaja kwenye simu. Mitchelle: BE, BE, BE. Rayyan: EE juu hadi chini. Nami niliyejifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia maandazi, herufi nazijua: B ni ya pili, E ni mkia, na Rayyan kapewa mikia miwili miwili. Jogoo akaenda zake. Nikampelekea Bahiya paja, nikamwambia asilie, si wote waliojaliwa kichwa. Akalia. Mumewe akampigia simu Rayyan, aliye likizoni Bangale kwa mjomba, akamwambia ameanguka, asirudi, abaki kuuza dukani.

Mitchelle alinyonya mfupa wa mwisho ndipo akanieleza kwamba siku hizi EE ni aliyezidi matarajio, na BE ni aliye chini yake. Nikamuuliza mbona hakusema mapema. Akasema jogoo alikuwa keshachinjwa.

Dada, haya nakuambia wewe tu: nilinyamaza, na Mitchelle nikamnyamazisha. Nilimwona Bahiya akipita ameinama, uso wake ukifanana na wangu wa mwaka mzima, nikalala vizuri. Hadi Jumamosi alipokuja na viatu vya shule vya Rayyan, vyeusi, karibu vipya, akasema Mitchelle ndiye atakayevihitaji.

Vilimtosha. Nikamwambia Bahiya ukweli hata hivyo.

Jioni wakachinja mbuzi. Nikaletewa paja.

Nisalimie shemeji na watoto, na Mama ukimpigia mwambie namkumbuka. Januari Rayyan na Mitchelle wote wameitwa shule moja, ile ya kutwa hapa ng'ambo ya mto. Haina mwalimu wa sayansi.

Mdogo wako,
Dama