Mtamba na Upande wa Mlima

Nyumba ya mwisho,
nyuma ya karakana ya seremala.
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa ndugu yangu, kitinda mimba wetu,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nalisalimu goti lako, maana katika barua yako iliyopita lilijichukulia ukurasa mzima. Je, limepoa? Bado unapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kwa kupumzika kila kona? Na wifi yangu, macho yake yanaendeleaje tangu apasuliwe? Mwambie asiyafanyie haraka. Macho ni kama wageni wa heshima, ukiwaharakisha wanakasirika.

Sisi huku tu wazima. Mgongo wangu huuma asubuhi na kuniachia ikifika saa nne, kwa hiyo nimejizoeza kumaliza ugomvi wangu wote kabla ya hapo.

Miwani uliyonitumia imefika bila mkwaruzo, Mungu akuzidishie. Nimeanza upya vile vitabu vyangu vitatu vilivyonusurika safari yetu ya kuhama nyumbani, na katika kimoja nimegundua kwamba mtu niliyemdhani amekufa miaka yote hii alikuwa amelala tu. Ukurasa ulikuwa umekunjika pale pale. Nililia kidogo kwa furaha, kisha nikaenda kuchambua mchele.

Sasa habari yenyewe. Nina jambo la kujivunia, na mtu wa kuelewa ukubwa wake duniani umebaki wewe peke yako.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu seremala, unamjua kwa barua tu. Mtaa mzima unamwita Sindano, kwa sababu ni fundi cherehani, na kwa sababu akikuambia neno lazima lipenye. Amezaliwa mjini, katika nyumba ambayo maziwa yalitoka kwenye pakiti. Mwaka juzi alishona sare za shule moja ya hapa, na mwenye shule, ambaye pia ni mfugaji, alipomuuliza ujira wake, akaomba ndama jike. Mwanangu alicheka mpaka akaketi chini. Sindano alimleta ndama wake kwa miguu, akiwa na futi ya kupimia bado shingoni. Akamwita Utepe, kwa ule mstari mweupe wa usoni.

Utepe alikua akawa mtamba mzuri aliye tayari kwa mimba ya kwanza, mwenye mgongo ulionyooka kama meza ya mwanangu. Mvua zilipoanza tulimwita mpandishaji, yule bwana anayekuja na mbegu kwenye chombo cha baridi na mrija mrefu, maana fahali wa karibu hakuna. Akafanya kazi yake, akanawa, akaondoka. Tukabaki na swali: imeshika au haikushika?

Unakumbuka nyumbani hatukuwahi kusumbuka na swali hilo. Kundi lenyewe lilitujibu. Ng'ombe akiwa na mimba, fahali alimpita kama mtu anayepita ofisi iliyofungwa. Akiwa hana, wenzake walimpanda mgongoni malishoni na kila mtu aliona. Huku Utepe yuko peke yake bandani, hana fahali wa kumpuuza wala mwenzake wa kumsema. Miaka yote hii nilidhani ujuzi wetu nimeuchukua nikatoka nao. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa mali ya kundi, na kundi lilibaki.

Kilichobaki kwangu ni kile kipimo cha Baba cha maji ya alfajiri. Ng'ombe anywe maji baridi kabla ya kula, wewe utazame ubavu wake wa chini, karibu na paja. Ndama akiguswa na baridi hiyo hugeuka, na ngozi huinuka. Baba alikuwa akisema, tazameni upande wa mlima. Basi kiangazi kilipoingia, nikampa Utepe maji, nikasimama mlangoni pa banda nikatazama. Nikarudia kesho yake, na kesho kutwa. Ubavu ulipanda na kushuka kwa pumzi, basi, hakuna kilichopiga.

Nikatamka kwamba hana kitu.

Mwanangu alitaka kumngoja daktari wa mifugo, ambaye alikuwa likizo. Nikamwambia daktari wa nini, mimi nimekulia kwenye zizi. Wakanisadiki. Majani tuliyoyakausha hayatoshi kumlisha ng'ombe asiyezaa kiangazi kizima, na hilo mwanangu alikuwa ameshalipima na kulipima tena. Akaenda kwa mwenye bucha, wakakubaliana aje Alhamisi.

Ng'ombe alikuwa wa Sindano, jasho la vidole vyake, na hukumu ilikuwa yangu. Aliendelea kushona. Lakini cherehani yake naijua sauti. Siku hizo ilikuwa inakimbia kisha inasimama katikati ya mshono.

Jumatano alasiri alikuja jikoni akiwa ameshikanisha kidole gumba na cha shahada, akaviachanisha mbele ya miwani yangu. Katikati palivutika uzi mwembamba, kama asali. Alikuwa na desturi ya kumwosha Utepe chuchu kila siku, ili azoee mikono kabla ya siku ya kukamuliwa, na hicho ndicho alichokikuta kwenye ncha. Akauliza kama mtamba asiye na mimba huwa hivyo. Nyumbani nani alimgusa mtamba chuchu kabla hajazaa? Angekurusha ukaamkia ng'ambo ya mto.

Akavuta kigoda akaketi, akaniuliza kwa utulivu kabisa:

“Mama, huo mlima ulikuwa upande gani wa ng'ombe?”

Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba mlima ulikuwa upande wa mlima. Akacheka. Nami nikacheka, halafu nikagundua kwamba sijui. Sijawahi kujua. Tulisema upande wa mlima kama watu wanavyosema juu na chini. Hakuna aliyewahi kuhitaji kuuliza zaidi, kwa kuwa mlima ulikuwepo.

Ndugu yangu, ungetuona. Tulipanga nyumbani kwetu kote juu ya meza yangu ya jikoni. Futi yake ikawa mto. Sufuria iliyopinduliwa ikawa mlima. Pasi ya mkaa ikawa ng'ombe, kwa kuwa ina pua. Akanihoji kama karani wa mahakama: asubuhi jua lilitokea wapi? Ng'ambo ya mto. Basi ng'ombe walipokunywa lilikuwa machoni mwao? Ndiyo, walikuwa wakifumba. Nyinyi mlisimama wapi? Penye mawe. Kwa nini? Kwa sababu upande wa pili ulikuwa tope, na wewe kitinda mimba uliwahi kuacha kiatu humo na hakikuonekana tena. Na mawe yalitoka wapi? Yaliporomoka kutoka mlimani. Na upepo wa kusini ulitokea wapi? Huko huko mlimani.

Akaielekeza pua ya pasi kwenye futi, akasogeza sufuria penye mawe. Ilikaa kusini, kulia kwa pasi.

Ndipo nikageuka kuliangalia banda kupitia dirishani. Mwanangu alilijenga kwa kulibana na ukuta wa nyumba ili kuokoa mbao. Utepe akifungwa horini, ubavu wake wa kulia unagusa ukuta. Kutoka mlangoni unaona kushoto tu, na kushoto, kama tulivyojua kila tulipochinja, ndiko liliko lile tumbo kubwa la majani. Kwa siku tatu nilikuwa nimelitazama ghala la nyasi nikilingoja liniamkie.

Alfajiri ya Alhamisi tulimtoa nje kabla hajala. Sindano akateka maji ya kisima, baridi ya kuuma meno. Mwanangu alishika kamba, bado haamini, mikono yake tu ndiyo ilikuwa inaamini. Tukasimama kulia, mimi na mkwe wangu, bega kwa bega. Utepe akanywa nusu ndoo, akainua kichwa, akafikiri, akanywa tena.

Ngozi ya ubavuni ikainuka. Polepole, kama mtu anayejigeuza ndani ya shuka asubuhi ya mapumziko.

Sikutaka macho yangu yawe shahidi peke yake. Nikaweka ngumi pale pale, nikasukuma kwa upole, nikalegeza bila kuondoa mkono. Kitu kizito kikaenda, kikarudi, kikanigonga. Ngumi yangu imevimba viungo, lakini ilimtambua. Nikauchukua mkono wa Sindano nikauweka. Akasukuma, akangoja. Nilimwona usoni kabla hajafungua mdomo.

“Mama,” akasema, “humu mna mtu.”

Mwenye bucha alifika baada ya chai, kamba begani. Mwanangu akaanza kujieleza kwa maneno mengi, kama ilivyo kawaida yake akiwa amekosea kidogo. Sindano akamkatiza. Akamshika mgeni mkono, kwa adabu lakini bila kumwomba ruhusa, akauweka ubavuni. Yule bwana ana mikono iliyopima ng'ombe wengi kuliko daktari yeyote, naye akasukuma, akalegeza. Kisha akaikunja kamba yake vizuri.

“Nimekuja kuchukua mmoja, nimewakuta wawili,” akasema. “Na sikuja na kamba ya pili.” Akanywa chai, akaniuliza kama nina uhakika sitaki kazi kwake, akaenda zake.

Daktari alirudi likizo juma lililofuata. Akavaa ile glavu yake ya kufika begani, akapima, akasema mimba ni nzuri na inaingia mwezi wa saba, ikilingana na siku ya mpandishaji. Alimpongeza Sindano kwa kutoendelea kuzigusa zile chuchu tangu alipouona uzi wa asali, maana huo ndio mfuniko, ukiondolewa maradhi huingia. Kumbe aliacha mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Nimeishi na watu wengi wenye akili, ndugu yangu, lakini wenye mikono inayofikiri ni wachache.

Mwanangu amelivunja banda na kulijenga upya mbali na ukuta. Sasa mtu anapita pande zote mbili na ndoo. Ameniambia mbao zilizozidi zitakuwa rafu ya vitabu vyangu vitatu. Nimemwambia aifanye ndefu kiasi, vitabu huzaa.

Nimefikiri sana kuhusu Baba. Kipimo chake kilikuwa sahihi siku zote. Kilikuwa kimepoteza mlima wake tu, na mkwe wangu, ambaye hajawahi kukanyaga kule na huenda hatakanyaga, ndiye aliyekitafutia. Huyo ndama atakuwa wa kwanza kuzaliwa nyumbani mwetu tangu tuondoke. Nakuomba unithibitishie jambo moja: mawe yalikuwa kulia? Daktari ameshasema, na ng'ombe ameshasema, lakini nataka kulisikia kwako.

Nawe uwape salamu wifi yangu, wanao wote wawili, na yule mjukuu wako mpiga filimbi. Seremala anakusalimu, na Sindano anasema ukituma vipimo vya kiuno atakushonea suruali isiyobana goti. Mungu aliyetutoa pamoja akatutawanya, na atulinde hivyo hivyo tulivyotawanyika.

Nikuambie na hili nifunge bahasha. Nchi hii ni tambarare kama sinia, unaijua kwa picha. Lakini jana nimemsikia Sindano akimwagiza mumewe aisogeze cherehani ipate mwanga. Akamwambia, isogeze kidogo upande wa mlima. Na mwanangu, bila kuuliza, akaisogeza kulia.

Ni mimi dada yako nikupendaye, tangu siku ya kile kiatu hadi leo.