Kabati la Elias Lina Kazi

Jumapili, Machi inaisha. Asubuhi kulikuwa na jua kali, sasa mawingu yamejirundika juu ya Randburg, mtaa wetu wa Johannesburg, na simu inasema mvua kesho, keshokutwa na siku inayofuata. Sijakaa chini tangu nitoke kanisani. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi. Nimefagia balkoni, nikasahau, nikafagia tena.

Niseme tu. Bangi imeiva.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza: mimi ni msusi wa nywele mjini, ni mwimbaji wa kwaya, na kwenye balkoni yangu kuna mimea miwili ya bangi mirefu kuliko mimi. Siivuti. Ni ya Elias, mume wangu. Hapa sheria inamruhusu mtu mzima kupanda kidogo nyumbani kwa matumizi yake, ilimradi asiuze na wapita njia wasione. Ndiyo maana tumezungushia balkoni neti nyeusi. Kwetu Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, polisi wangeshanichukua zamani, na mpaka leo king'ora kikilia barabarani nachungulia dirishani kama wamenijia mimi.

Elias aliipanda mwezi wa tisa. Alikuwa analinda maduka usiku, mchana usingizi unamkataa, anageukageuka kitandani mpaka shuka linadondoka. Akivuta kidogo analala. Nilinung'unika, nikanyamaza, kwa sababu mwanaume aliyelala ni afadhali kuliko mwanaume anayetafuta ugomvi na kijiko.

Baada ya Mwaka Mpya akapata kazi ya ulinzi Durban, bandarini. Miezi miwili tu, alisema. Aliniachia mimea iliyofika magotini, lenzi ndogo ya kukuzia, chupa ya mbolea ya dukani iliyobaki nusu, na nguo zake zote nzuri kabatini. Hizo nguo ndizo zilizonituliza. Nilijiambia mtu hakimbii akaacha suti ya harusi yake kwenye henga.

Miezi miwili ilipita. Ikaja "mwisho wa mwezi". Mwisho wa mwezi una tabia ya kurudi kila mwezi, Elias hana.

Mbolea ya dukani ilipoisha sikununua nyingine. Mama yangu alilima maharage maisha yake yote bila chupa. Nikachukua vumbi la ndagala, wale dagaa wetu wa Tanganyika, lile linalobaki chini ya mfuko, nikalichanganya na udongo. Nilijiona mtaalamu. Baada ya siku chache ncha za majani zikawa kahawia na kujikunja, kama nywele za mteja aliyeachiwa dawa ya kulainisha mpaka ikapitiliza. Ndagala walikuwa wa chumvi! Nani kwetu hajui kwamba unawaosha kwanza? Nilimwaga maji kwenye vyungu mpaka jirani wa chini akapanda kulalamika. Alipofika mlangoni akanusa, akasahau maji.

"Eish, mama, hao samaki wako!"

Bangi hakuisema hata kidogo. Nilifunga mlango nikacheka peke yangu mpaka machozi.

Tangu hapo nimekuwa mwangalifu. Maganda ya ndizi niliyaloweka, maganda ya mayai niliyatwanga kwenye kinu, majivu niliomba kwa kijana anayechoma nyama pale kona. Minyoo ya kurutubisha udongo nilinunua, mimi niliyekuwa naogopa minyoo. Paka wa ghorofa nzima waliendelea kufuata harufu ya ndagala, nikawafukuza kwa ndala. Na katikati ya hayo yote, nakiri, nimeipenda hii mimea. Asubuhi kabla ya chai naiendea. Naiambia habari za saluni. Sijamwambia Elias hilo.

Wiki mbili sasa naipa maji matupu, hakuna chakula tena, ndivyo inavyotakiwa mavuno yakikaribia. Kila siku natoa lenzi, naangalia vile vitone vya utomvu juu ya maua. Vikiwa kama maji, bado. Vikiwa kama maziwa, jiandae. Vikianza rangi ya asali, kata. Alhamisi niliona asali.

Ijumaa Elias akapiga. Nilikuwa nasuka, vidole vimo kichwani mwa mteja, Furaha akanishikia simu sikioni. Furaha ni Mrundi, tunakaa viti viwili jirani saluni na hakuna asichokijua kuhusu ndoa yangu. Elias aliulizia mimea, akaulizia mvua, halafu akakumbuka kuniuliza mimi. Nikamwambia imefika, nataka kukata Jumapili.

"Usiguse kwanza," akasema. "Ningojee. Niko nakuya."

"Unakuja lini?"

"Niko nakuya, mama."

Mteja akasema namvuta sana. Kweli nilikuwa namvuta.

Mama alinilea na "subira yavuta heri". Alinilea pia na "ngoja ngoja huumiza matumbo". Hakuniambia ipi ni ya lini. Na mmea wenyewe haujui habari za Durban. Mvua ikiingia kwenye maua yaliyoshonana hivi, ukungu unaanzia ndani, nje unaona uzuri tu. Leo baada ya ibada Furaha alipita, akafungua ua moja kwa kucha zake, akalitazama, akanitazama.

"Dada, huyu mtu anakungojesha wewe na majani yake. Mimi ningekata jana."

Akaniachia andazi, akaenda zake. Andazi bado liko mezani.

Ninachoogopa si Elias kukasirika. Nikivuna, atapiga simu kuuliza nini?

Nimeandika hilo swali, nikaondoka kwenye simu, nikarudi. Acha libaki hapo.

Tena kuna jambo la kabati. Ukishakata, matawi yanatakiwa kuning'inizwa kichwa chini, gizani, penye hewa kidogo, wiki nzima au zaidi, mpaka shina dogo ukilipinda livunjike kwa mlio. Sisi tuna chumba kimoja. Bafuni kuna unyevu. Jikoni ni pazia tu na moshi wa mafuta. Mahali pekee penye giza humu ndani ni kabati, upande wa kulia, na upande wa kulia umejaa Elias.

Sasa ni usiku, naendelea: nililifungua kabati. Suti ya harusi. Shati la kanisani lenye kola niliyoigeuza mwenyewe ilipochakaa. Koti la ulinzi, mfukoni bado kuna peremende. Nikafunga. Nikaenda kuosha mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi za rasta, nikaupangusa kwa spiriti. Nikafungua tena. Nilisimama pale nikajisikia mwizi kwenye nyumba ninayolipia kodi mimi.

Radi ya kwanza ikapiga upande wa magharibi. Nikaanza kutoa nguo.

Nilizikunja vizuri, sitaki mtu aseme nilizitupa. Suti chini, mashati juu, koti mwisho. Zimeingia zote kwenye begi kubwa la miraba, lile tulilokuja nalo Johannesburg. Nilidhani zitakuwa nyingi zaidi. Nililia kidogo pale, kisha nikaenda balkoni nikakata kabla matone hayajaanza.

Kukata ni haraka, kupunguza majani ndiyo kazi. Lakini mkono wangu unaijua kazi hiyo: kuzungusha, kutafuta kasoro, kukata karibu bila kuumiza kichwa. Harufu ilijaa chumba kizima, ndimu na dizeli na kitu kama msitu. Kwa mara ya kwanza leo nilikuwa nimekaa. Maua ni safi mpaka ndani, hakuna ukungu hata doa. Nimeyatazama moja moja kwa lenzi yake nikajisifu kwa sauti, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kunisifu.

Nikaning'iniza matawi kwenye henga zake.

Ndipo simu ikalia. Elias. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi, vimegandana kwa utomvu, nikagusa kioo cha simu, kikakataa. Nikagusa tena, kikakataa. Utomvu huu hautoki kwa sabuni, unatoka kwa mafuta ya kupikia. Zamani ningepokea hata kwa pua. Leo nilienda jikoni, nikamimina mafuta kiganjani, nikasugua kidole kimoja kimoja. Simu ililia mpaka ikachoka.

Niliporudi kulikuwa na ujumbe. "Nimepata tiketi ya basi. Pasaka niko nyumbani. Usikate."

Tangu Januari nimeusubiri huo ujumbe. Nilidhani ningeruka. Badala yake nilisoma lile neno la mwisho mara nyingi kuliko neno nyumbani, na nilitazama begi pale chini, na kabati limejaa, na mvua inapiga balkoni ambako hakuna tena cha kulowa.

Niliandika jibu refu nikalifuta. Niliandika fupi nikalifuta. Mwishowe nimetuma hivi: "Nimeshakata. Nguo zako ziko kwenye begi, karibu na mlango. Kabati lina kazi. Karibu Pasaka."

Alama zinaonyesha amesoma.

Sijui kama nimemkaribisha au nimemfukuza, na sidhani kama naye anajua. Ninachojua ni kwamba asubuhi, kabla ya chai, nitafungua mlango wa kabati kidogo ili matawi yapate hewa. Sasa ngoja nile andazi la Furaha.