Nguru wa Asubuhi Ile

Kiponda, Unguja
Jumanne, 11 Februari 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba Mama Mkubwa sasa anakanyaga chini bila ya mkongojo. Mimi sijambo, alhamdulillahi, na kazini ni salama. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, kwa sababu kwenye simu hunikata maneno kabla sijafika ninapotaka kufika, nami huridhika kukatwa. Nimempa Simai wa daladala aje nayo Jambiani, akukabidhi mkononi.

Kwanza paka wako. Bofulo yu hai. Mshono umekauka, nyuzi zitatolewa Alkhamisi. Bado amevaa kola ya plastiki ili asirambe kidonda, na anaigonga kwenye kila mguu wa kiti. Nilimtandikia khanga kuukuu ndani ya boksi, akaikataa. Analala juu ya msala wako. Nimemwacha. Dawa nampa mara mbili kwa siku, na kila saa ninayompa naiandika.

Ulipoondoka, uvimbe wa titi lake ulikuwa kama punje ya kunde. Wiki mbili baadaye ulikuwa kama kungumanga. Daktari Ulfat, wa zahanati ya wanyama kule Amani, alisema utolewe. Alinieleza masharti mara mbili: asile kitu tangu magharibi, na maji yaondolewe alfajiri, kwani mnyama akitiwa usingizi na tumbo lina chakula hutapika, na matapishi huweza kuingia mapafuni. Nilimuuliza kama tonge moja lina madhara. Akacheka, akataka kujua anayepasuliwa ni paka au ni mimi, kisha akasema hata tonge moja.

Nilifunga madirisha, nikaficha dagaa, nikamshukia Bi Mwanamkasi chini kumwomba asimpe chochote. Aliapa kwamba hata Bofulo akimlilia mlangoni atajitia kiziwi.

Yaliyotokea uliyasikia. Katikati ya upasuaji alitapika, chakula kikaingia njia ya pumzi, wakakivuta kwa mrija wa mpira. Alibaki zahanati siku tatu, mbavu zikipanda na kushuka. Daktari alitoka ameshika fomu niliyoijaza asubuhi, akauliza nani kamlisha. Nilisema labda jirani. Jioni uliponipigia nilikwambia vivyo hivyo, bila ya labda.

Nawe ukampigia Bi Mwanamkasi. Sijui ulimwambia nini. Najua alipanda ngazi na goti lake lile bovu, akasimama mlangoni, akasema, “Mama yako hataki tena kuisikia sauti yangu.” Hakujitetea. Alisema pengine kipande kilimdondoka alipokuwa akikata samaki, na macho yenyewe ndiyo hayo, hayaoni vizuri. Tangu hapo kila asubuhi huleta bakuli la supu ya kuku isiyo chumvi, humshika Bofulo nami nikamtilia mdomoni kwa sirinji, humwita mwari, humwambia akipona atamtafutia mume mwenye meno.

Mama, Bi Mwanamkasi hakumpa kitu. Nilimpa mimi.

Asubuhi ile Bofulo alikaa mbele ya jiko ananitazama. Hata hakulia. Nikafikiri huenda asirudi. Wewe hujapata kumwacha mtu atoke nyumbani kwako bila ya kutia kitu tumboni, hata fundi wa mabomba. Nikaona vibaya kumpeleka kwenye kisu akiwa na njaa. Nilimtilia nguru wa jana kwenye sahani yako ya maua, nikamchambulia miiba, akamaliza. Kisha nikaenda naye Amani, na kwenye fomu, palipoulizwa alikula lini mara ya mwisho, niliandika magharibi, nikatia saini. Mimi ambaye ofisini huwarudisha watu wazima makwao kwa kusahau tarehe kwenye fomu.

Nilinyamaza kwa hofu. Nilimwogopa daktari, kisha wewe, kisha bakuli la supu, kila lilipoletwa.

Leo baada ya laasiri nilishuka kumwambia. Alikuwa akichagua mchele, naye hakuacha mpaka ungo ulipokwisha. Kisha akasema afadhali, maana alikuwa keshaanza kuamini kwamba macho yamekufa kabisa. Akanipa bakuli nipande nalo, supu isipoe. Daktari nitamwambia Alkhamisi, kabla hajagusa nyuzi.

Wasalimie wote hapo, Mama Mkubwa kwanza, na mwambie dawa yake ya kuchua nitaituma kwa Simai atakaporudi. Kila ninapokuandikia humalizia kwa salamu za Bi Mwanamkasi. Leo pia, nilipokuwa ngazini, nilimuuliza kama ana salamu za kukuletea. Alisema anazo, na ni nyingi, lakini safari hii hazipitii kwa mtoto. Simu yake iko wazi, na aliyeikata ni wewe.

Mwanao,
Msabah